Kupandikiza Trauti katika Ziwa Michigan: Hoja za Wavuvi wa Mshipi

Ziwa Michigan, nchini Marekani, lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 58,000. Trauti wa asili wa ziwa hilo walitoweka katika miaka ya 1950, kwa sababu ya uvuvi wa kupita kiasi na lampri, mnyonya damu aliyetoka baharini. Alewaifu, samaki mdogo wa jamii ya heringi, akakosa wa kumla. Mwaka 1967 mizoga yake ilijaa fukweni.

Lampri walipodhibitiwa kwa dawa, vifaranga vya trauti vilipandikizwa tangu 1965, na samoni wa Pasifiki tangu 1966. Hapo wavuvi wa mshipi wakagawanyika. Baadhi yao husema kuwa samoni hushindana vikali na mvuvi, na kwamba trauti humpunguzia chakula, yaani alewaifu. Wengine humtetea trauti: ni mwenyeji, huishi miaka mingi, na hula samaki wa aina nyingi.

Alewaifu ana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Trauti amlaye sana hutaga mayai ambayo vifaranga vyake hufa. Katika Ziwa Huron, alewaifu walipopungua ghafla mnamo 2003 na 2004, samoni walididimia, lakini trauti wakaanza kuzaliana wenyewe. Kwa hiyo idadi ya vifaranga haitoshi kuamua. Sharti kupima chakula kilichomo ziwani.

Zoezi: Chora mlishano wa samaki hawa. Linganisha na Ziwa Victoria, alikopandikizwa sangara katika miaka ya 1950 na 1960.