VIWANDA VYA KWETU: KALOKOL, LODWAR NA KAKUMA

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Jiografia alituagiza tutaje viwanda vya kaunti yetu ya Turkana. Darasa zima likanyamaza ji! Mwishowe kijana mmoja wa dawati la nyuma akasema, "Mwalimu, huku kwetu viwanda hakuna, kuna jua tu." Tuliangua kicheko. Lakini mimi kicheko kiliniishia njiani, maana sare niliyovaa siku hiyo ilinunuliwa kwa pesa za kiwanda, na tena kiwanda chenyewe kinatumia hilo hilo jua. Mama yangu hukausha samaki Kalokol. Mimi ninaishi hapa Lodwar kwa shangazi, kwa sababu ya masomo.

Sisi hatuna bahari, lakini pwani tunayo. Ukitoka Lodwar, mji uliojengwa kando ya mto Turkwel, ufuate barabara ya kaskazini mashariki kwa kilomita sitini hivi, utafika Kalokol, karibu na Ziwa Turkana. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 250 hivi. Mwaka wa 1888 Teleki, msafiri kutoka Ulaya, alilibandika jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa kwao. Jina hilo liliondolewa mwaka wa 1975. Maji yake yana magadi, nao mto Omo wa Ethiopia ndio unaoleta zaidi ya asilimia 80 ya maji hayo.

Mgeni akifika Kalokol ataonyeshwa jengo kubwa ambalo kila mtu ana hadithi yake kulihusu. Ni kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa kwa fedha za Norway na kumalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nia ilikuwa njema kabisa. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo, ikaonekana afadhali wafugaji wafundishwe uvuvi, minofu igandishwe, ipelekwe mijini ikauzwe. Kumbe! Kiwanda kilifanya kazi kwa muda mfupi mno. Kugandisha samaki katika joto la kwetu kunakula umeme mwingi ajabu, na usafishaji unataka maji safi mengi, maji ambayo hata ya kunywa ni ya kutafutwa. Gharama ikapita bei ya samaki mwenyewe. Kisha Ghuba la Ferguson, mahali wanapozaliana ngege, lina kina kifupi. Ziwa liliposhuka katikati ya miaka ya 1980, ghuba likakauka karibu lote. Mwaka wa 1990 Kenya ikavunja uhusiano na Norway, na msaada ukakatika. Jengo hilo la mamilioni likaishia kutumiwa kama ghala la samaki waliokaushwa kwa jua!

Kuna watu husema mradi ulikufa kwa sababu Mturkana hapendi samaki, anapenda ng'ombe na ngamia. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Ni kweli wazee wetu walimwona mvuvi kuwa mtu aliyekosa mifugo. Lakini hata kabla ya mradi huo walikuwako Waturkana waliovua wakiwa juu ya magogo ya mikoma yaliyofungwa pamoja. Na je, mtu asiyependa samaki ndiye aliyeifanya bei ya dizeli ipande?

Sasa niwaeleze kiwanda cha mama. Mashua zikifika asubuhi, akina mama hununua ngege na mbuta. Samaki hupasuliwa, matumbo hutolewa, kisha huoshwa na kupakwa chumvi. Hupangwa safu kwa safu walale hivyo usiku mmoja, chumvi ivute maji. Kesho yake huanikwa juu ya vichanja, jua na upepo vikafanya kazi siku tatu au nne. Wakiachwa chini mchangani huliwa na wadudu, na mnunuzi akiona mchanga hushusha bei. Samaki akikauka hubaki karibu theluthi moja ya uzito wake wa kwanza. Hilo ndilo watu hulisahau wanaposema samaki mkavu ni ghali! Malori huwapeleka Kitale, Kisumu na Busia, na wengine hufika hadi Kongo.

Kiwanda hiki nacho kina maradhi yake. Mwaka jana mfanyabiashara mmoja alichukua magunia manne ya mama kwa mkopo, akasema atatuma pesa kwa simu akifika. Mpaka leo simu hiyo haipatikani. Nilikaa nyumbani wiki mbili kwa kukosa pesa za chakula cha mchana shuleni. Halafu kuna ziwa lenyewe. Bwawa la Gibe III lilipozinduliwa kwenye mto Omo mwaka wa 2016, watu waliogopa maji yatapungua. Badala yake, kuanzia mwaka wa 2019 na 2020 maji yamepanda na kufunika nyumba na miti ufuoni. Mama amehamisha vichanja vyake mara mbili. Nilimwuliza kama anataka kile kiwanda cha baridi kifufuliwe. Akanijibu, "Mwanangu, waniletee mizani kwanza." Maana huku samaki huuzwa kwa gunia, na ukubwa wa gunia huamuliwa na mwenye lori.

Hapa Lodwar kiwanda ninachokijua zaidi ni cha shangazi: vikapu. Majani machanga ya mkoma, mti tunaouita eengol, huchanwa yakawa miyaa. Nyingine hutiwa rangi. Watu wa pwani husuka ukili mrefu kisha wakaushona, lakini sisi hatusuki ukili. Tunazungusha tangu katikati ya kitako, duara juu ya duara, na kushona kila mzunguko kwa sindano. Kikapu kikubwa huweza kumaliza wiki. Kazi huenda pamoja na maongezi, kwa hiyo nyumbani kwetu hakuna siri.

Wakati wa likizo ya Agosti nilifuatana na mama kupeleka samaki Kakuma, kilomita 120 hivi kutoka Lodwar. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa huko mwaka wa 1992, na baadaye makazi ya Kalobeyei yakaongezwa. Wakimbizi leo ni zaidi ya laki mbili. Uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2018 na Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, ulionyesha maduka zaidi ya 2,000 huko, na uchumi wa shilingi bilioni sita hivi kwa mwaka. Nilijionea Waethiopia wakiuza injera, Wasomali na maduka yao, na wenyeji wetu wakija na kuni, makaa na mbuzi. Mteja wetu mkubwa alikuwa mama mmoja wa Kikongo. Alimgeuza samaki, akamnusa, akasema, "Hii makayabo ni muzuri, lakini chumvi mingi, itataka mayi mingi." Mimi nilitaka kumsahihisha ngeli, mama akanikanyaga mguu. Alinunua gunia zima, akalipa pesa taslimu papo hapo.

Niliporudi nilimweleza mwalimu haya yote. Akanifundisha kwamba samaki wa mama ana jina katika Kiswahili sanifu: ng'onda. Akaniagiza nilete mmoja darasani wenzangu wamwone. Nilileta mbuta mzima. Alipitishwa kutoka dawati hadi dawati mpaka akamfikia yule kijana wa nyuma, naye akauliza bei.