Kuanika Mchaichai

Mama wengi hupanda mchaichai karibu na nyumba. Wengine huuita sitroneli. Chai yake ina harufu nzuri, na mgonjwa aliyechoka na chakula mara nyingi huikubali. Haiponyi malaria. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa damu siku ile ile, hata kama chai iko motoni.

Harufu ya mchaichai hutoka katika mafuta yaliyo ndani ya jani. Mafuta hayo huruka hewani upesi. Ukianika majani juani kama mihogo, jua litaondoa maji na mafuta pamoja, nawe utabaki na nyasi za mbuzi.

Basi, kata majani asubuhi, umande ukiisha kukauka. Ondoa yenye madoa. Yakate vipande vya urefu wa kidole, kwa maana sehemu nene ya chini huchelewa kukauka. Yatandaze juu ya lungo safi, yasilaliane, ukaliweke barazani penye kivuli na upepo, mbali na kuku. Juu ya moto wa jikoni hapafai, yatanuka moshi. Yageuze mara 2 kila siku, na usiku uyaingize nyumbani. Wakati wa mvua anika machache tu.

Je, utajuaje kwamba yamekauka? Vunja kipande kinene. Kikivunjika kwa sauti, kimekauka. Kikipindika, bado kina maji, hata kama majani membamba yamekauka kabisa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Huyafunga upesi katika mfuko wa plastiki, nayo hutoa jasho ndani, kisha kuvu huota. Mama husema, “Nitachemsha, kuvu itakufa.” Ndiyo, itakufa. Lakini kuvu nyingine huacha sumu isiyoondoka kwa kuchemsha, nayo huumiza ini. Ukiona kuvu au kusikia harufu ya uvundo, tupa yote. Usichague yaliyo mazuri, kwa kuwa sumu haionekani.

Yaliyokauka vema yatie katika chupa au kopo lenye kifuniko, mbali na mwanga. Andika jina na mwezi juu yake. Majani makavu hufanana sana, na usiku, mtoto akilia, ni rahisi kushika kopo lisilo lake.