Pesa ya Msaada Ikiingia, Igawe Kabla Hujafika Sokoni

Ujumbe umeingia kwenye simu: pesa ya mwezi imefika. Usitoke nyumbani bado. Kaa na mwenzako, chukueni daftari na kalamu, muigawe pesa ingali kwenye akaunti. Anayepika awepo, maana yeye ndiye anayejua sufuria inakula nini.

Mbinu hizi ni zako wewe mkimbizi unayeishi Kakuma au Kalobeyei, kule Turkana, Kenya. Bamba Chakula, mpango wa pesa ya chakula kwa simu, ulipoanza Kakuma mwaka 2015, pesa yake ilinunua chakula tu, tena kwa wafanyabiashara walioandikishwa. Baadaye kaya nyingi za Kalobeyei zikaanza kupokea pesa taslimu inayonunua chochote: unga, kuni, sabuni, dawa. Uhuru huo ni mzuri. Ila sasa kupanga ni kazi yako.

Anza na chakula, na anza na kilo, si shilingi. Kipimo cha kuanzia kwa mtu mmoja kwa siku kiwe hiki: nafaka gramu 400, maharagwe au dengu gramu 60, mafuta gramu 25, na chumvi kidogo. Kaya ya watu watano kwa siku 30 inahitaji nafaka kilo 60, maharagwe kilo 9 na mafuta kama lita 4. Andika bei ya leo mbele ya kila kimoja, kisha jumlisha. Hiyo ndiyo gharama halisi ya chakula chako cha msingi cha mwezi.

Mara nyingi pesa haitatosha. Mgao umepunguzwa tena na tena miaka ya karibuni, na tangu 2025 kaya zimeanza kupangwa kwa makundi ya uhitaji. Basi kata kwa mpangilio. Ondoa kwanza soda, biskuti na sukari ya ziada. Badilisha mchele na unga wa ngano kwa unga wa mahindi. Maharagwe na mafuta yaguse mwisho kabisa. Wengi hufanya kinyume: hujaza unga na kuacha maharagwe. Watoto wanashiba, lakini hawakui vizuri.

Kuni na makaa viandike pamoja na chakula, usiviache viwe matumizi ya baadaye. Kuni zinazogawiwa hazifiki mwisho wa mwezi, na zikiisha watu huuza unga kwa bei ya hasara ili wanunue nyingine kwa akina mama wa Kiturkana. Loweka maharagwe usiku kucha. Yataiva haraka zaidi. Funika sufuria. Dengu zinaiva upesi kuliko maharagwe, kwa hiyo linganisha bei ya dengu na bei ya maharagwe pamoja na kuni zake.

Sabuni pia ina hesabu yake. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada, huweka gramu 250 za kuogea na gramu 200 za kufulia kwa kila mtu kwa mwezi. Watu watano: kilo moja na robo ya kuogea, kilo moja ya kufulia. Ongeza pedi kwa kila anayezihitaji. Hivi si vitu vya kusubiri pesa ikibaki, kwa sababu haitabaki.

Sasa tuje kwenye deni la dukani. Hapa ndipo pesa nyingi inapotea.

Unajua inavyokwenda. Chakula kinaisha kabla ya mwezi. Mwenye duka anakukopesha unga na mafuta. Ili awe na uhakika wa kulipwa, anabaki na kadi yako ya benki au laini ya simu, pamoja na PIN. Pesa ikiingia, yeye ndiye wa kwanza kuiona. Anakata chake, na kilichobaki unachukua bidhaa palepale. Huwezi kwenda duka jirani hata kama unga wake ni nafuu. Bei anakupangia yeye, na wewe huna la kusema.

Simwiti adui. Malipo yalipochelewa, ni yeye aliyewalisha watoto wako, na huenda ukamhitaji tena. Kwa hiyo usimkimbie. Nenda ukazungumze naye mapema, kabla ya siku ya malipo, ukiwa na mtu mnayemheshimu wote wawili, kama kiongozi wa bloku. Ombeni deni lote liandikwe: kitu gani, kilo ngapi, bei gani. Deni ambalo halijaandikwa halipungui. Kisha kubalianeni kiasi cha kila mwezi. Tuseme unadaiwa 6,000. Ukilipa 1,500 kila mwezi, miezi minne umemaliza, mradi hukopi kingine juu yake. Mkikubaliana, omba kadi yako irudi mkononi mwako siku hiyo hiyo. Akigoma, mwahidi kwamba utaendelea kununua chumvi, sabuni na vitu vidogo kwake. Wafanyabiashara wengi wanataka mteja wa kudumu kuliko kadi.

Ukishaipata kadi, badilisha PIN. Usimwambie mtu, hata kijana anayekusaidia kusoma ujumbe.

Uliza bei siku moja kabla ya malipo, katika maduka matatu. Siku yenyewe watu wamejaa na huna nafasi ya kulinganisha. Angalia pia mizani. Kama duka linapima kwa gorogoro, hakikisha gorogoro halijabonyezwa kitako.

Achana na kadogo kila unapoweza. Mafuta ya kupimiwa kwa kifuko na sukari ya vipakiti huwa ghali zaidi ukipiga hesabu kwa lita na kilo. Huna pesa ya kununua kwa jumla peke yako? Unganeni. Majirani wanne wanagawana mtungi wa mafuta wa lita 20, lita tano kila mmoja. Kaya mbili zinagawana bela la unga, pakiti 12 za kilo mbili. Mgawane palepale, mbele ya wote.

Kama pesa iko M-Pesa, usiitoe vipande vipande, kwa sababu kila mara unapotoa unakatwa ada. Lipa kwa namba ya till pale duka linapokuwa nayo, mnunuzi hakatwi. Toa mara moja kiasi cha kuni na soko la mboga.

Nunua chakula kikavu cha mwezi mzima siku za mwanzo, kisha kitenge mara mbili. Nusu ya pili ifunge na uiweke mbali na jiko. Siku ya 15 ndiyo unaifungua. Ikibidi uifungue siku ya 11, umejua mapema, na bado una siku za kupunguza kipimo au kutafuta kibarua kabla ya kukimbilia mkopo.

Akiba yako ya kwanza iwe chakula. Kila mwezi ficha kilo mbili za unga na nusu kilo ya maharagwe. Malipo yakichelewa wiki moja, hutaenda kuweka kadi rehani. Hiyo ikishasimama ndipo uingie kwenye chama, au likelemba kama Wakongo wanavyoita. Ingia kwa kiasi unachoweza kutoa hata mwezi mbaya, na ukipata zamu yako maliza deni la duka kwanza kabla ya kununua kitu kipya.

Na hakikisha hesabu ya watu katika kaya yako ni sahihi, kwa sababu pesa hupangwa kwa idadi ya watu. Mtoto akizaliwa, chukua karatasi ya kliniki ukamsajili mwezi huohuo. Pesa ikiwa pungufu, au ukiona kundi ulilowekwa halilingani na hali yako, nenda dawati la malalamiko ukiwa na kadi ya mgao na ule ujumbe wa malipo. Omba namba ya lalamiko lako na uiandike katika daftari lilelile la bajeti.