Kwa nini usibonyeze "Lipa" mara ya pili

Karo inatakikana leo, umebonyeza "Lipa", umeweka PIN, halafu kimya. Kile kiduara kinazunguka tu. Kabla hujabonyeza tena, ngoja tukuonyeshe kinachoendelea huku nyuma.

Kulipa mara moja si ombi moja. Ukiingia kwenye programu, seva yetu hukupa tokeni, yaani kibali cha muda mfupi, na lazima kibali hicho kiambatane na ombi la kulipa. Kisha tunaomba M-PESA ikuletee ujumbe wa kuweka PIN. Jibu la kwanza halisemi kama umelipa. Linasema tu ombi limepokelewa, na lina namba ambayo mafundi huiita CheckoutRequestID. Kwa namba hiyo ndiyo tunauliza baadaye: huyu amelipa, amekataa, au muda umeisha? Ni kama risiti ya mzigo uliotumwa kwa matatu. Bila hiyo, utauliza mzigo upi?

Sasa, mwisho wa mwezi watu hulipa kwa pamoja, kwa hivyo tunapima mfumo mapema kwa JMeter, programu inayojifanya maelfu ya wateja. (M-PESA yenyewe hatuisumbui, tunaweka seva ya kuigiza majibu yake.) Mwanzoni tulinakili tokeni moja na namba moja, tukawagawia wateja wote wa kuigiza. Majibu yalirudi haraka ajabu, tukafurahi. Kumbe seva ilikuwa inarudia jibu la mtu mmoja ambalo tayari ililihifadhi! Siku hizi kila mteja wa kuigiza huchukua namba kutoka kwa jibu lake mwenyewe na kuibeba hadi ombi linalofuata. Akikosa namba, tunamsimamisha hapo hapo. Tulipobadilisha hivyo, seva ileile ilianza kuhema, na hapo ndipo tukajua pa kurekebisha.

Turudi kwa kidole chako. Ukibonyeza tena, unaanzisha ombi jipya lenye namba mpya. Mfumo utaona malipo mawili, na ukiweka PIN mara mbili, pesa zitatoka mara mbili. Angalia SMS ya M-PESA kwanza. Ikiwa imefika, tutumie ule msimbo wa muamala (msimbo, si PIN!) tuufuatilie hadi kwa ombi lako. Haijafika? Angalia salio kabla ya kujaribu tena.