Mwamba si Zulia: Tunza Nyayo Zako Ukitembea Baharini

Wengi wetu tunaoishi mijini tukifika Pwani wakati wa likizo huvua viatu kabla hata ya kufungua mizigo. Raha hiyo naijua. Pale Watamu, ambako hifadhi ya bahari ilitengwa mwaka wa 1968, maji yakipwa unaweza kutembea hadi kwenye madimbwi ya mwambani ukaona viti vya pweza, kaa, na pweza mwenyewe akijificha tunduni. Ukibahatika utamwona kasa akiinua kichwa kuvuta hewa kule kwenye kina.

Mgonjwa wangu mmoja, mwalimu wa miaka 54 mwenye ugonjwa wa kisukari, alirudi kutoka matembezi ya namna hiyo akiwa mzima, au ndivyo alivyodhani. Siku ya tisa mkewe ndiye aliyesikia harufu kwenye soksi. Unyayoni mlikuwa na miiba mitatu myeusi, na nyama iliyoizunguka ilikuwa imeanza kuoza. Yeye hakuwa amehisi lolote. Mguu tuliuokoa, lakini kidole kimoja kilikatwa.

Kisukari cha miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, hasa ya miguuni, hivyo uchungu ambao ungemwonya mtu hauji. Damu nayo hufika kwa shida, na kidonda hukawia kupona. Mtu kama huyo asitembee pekupeku ufuoni kamwe, hata mchangani, kwani mchanga wa saa saba mchana waweza kumchoma bila yeye kujua. Avae viatu vya raba vyenye soli nene vinavyofunika vidole (malapa hayafai kitu mwambani), na jioni azikague nyayo kwa kioo au aombe mtu amtazamie.

Miiba ile ni ya mnyama mviringo, mweusi, anayekaa kwenye nyufa za mwamba. Ukimkanyaga, mwiba hukatikia ndani. Tumbukiza mguu katika maji ya moto yanayovumilika kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto hupunguza uchungu. Mwenye kisukari asiyapime maji hayo kwa mguu wake, mtu mwingine ayapime kwa mkono. Ukichomwa na taa au yule samaki anayefanana na jiwe, fanya vivyo hivyo ukiwa njiani kwenda hospitali, na uulize kuhusu sindano ya pepopunda.

Konyeza akikuwasha, jioshe kwa maji ya bahari bila kusugua. Mkojo si dawa, hata kama rafiki yako ameapa. Na konokono mwenye kombe zuri lililochongoka kama pia usimwokote: sumu ya baadhi yao huzuia pumzi, na haina dawa ya kuivunja. Isitoshe, kuokota makombe hifadhini ni marufuku.

Waulize wavuvi saa ya maji kupwa, utoke kabla ya saa hiyo, na ugeuke mara maji yanapoanza kujaa. Wakati wa bamvua bahari hupwa mbali zaidi, na hurudi kwa nguvu.

Ikiwa umeandikiwa doksisaiklini kujikinga na malaria, vaa kofia na shati la mikono mirefu, kwani dawa hiyo huifanya ngozi iungue na jua upesi.