Gitaa la umeme kwa mwenye shoto: ulipate wapi na ukague nini

Katika watu kumi, mmoja hivi hutumia mkono wa kushoto. Lakini ingia duka lolote la vyombo vya muziki Kariakoo, Dar es Salaam, tazama magitaa yaliyotundikwa ukutani: mengi ni ya mkono wa kulia, na mara nyingi ni yote. Muuzaji atakwambia kwa nia njema kabisa, "Chukua tu hili kaka, utazoea." Wapo waliozoea. Wapo pia waliopandisha gitaa juu ya kabati baada ya miezi miwili, wakaamini kwamba muziki si fungu lao. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya hao wa pili, na kwa mzazi wa Mbagala, Chamazi, Mwananyamala au Bunju anayetaka kumnunulia mtoto mwenye shoto gitaa la kwanza la umeme kwa fedha ya kawaida.

Mazoea haya ya "utazoea" yana historia yake mjini hapa. Bendi zetu kubwa za dansi zilizaliwa chini ya mashirika: NUTA Jazz mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 ikaja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mpigaji alipohamia bendi nyingine aliondoka na vidole vyake, gitaa likabaki. Gitaa la namna hiyo hulibadilishii nyuzi kwa ajili ya mtu mmoja, kwa sababu kesho atalishika mwingine. Leo vijana wengi wanajifunzia kanisani, na hali ni ileile: gitaa ni la kwaya, limefungwa nyuzi kwa mkono wa kulia, na baada ya ibada linarudishwa stoo. Kwa hiyo mwenye shoto hupata nafasi ya kweli ya kuchagua siku anaponunua gitaa lake mwenyewe, na siku hiyo haifai kuipoteza kwa haraka.

Anza kwa kujipima. Si kila anayeandika kwa kushoto anahitaji gitaa la kushoto. Mark Knopfler wa Dire Straits ni mtu wa shoto, marehemu Gary Moore naye alikuwa hivyo hivyo, na wote wawili walijenga majina yao kwa magitaa ya kulia. Shika ufagio kama gitaa, weka wimbo wa dansi unaoupenda, ucheze bila kufikiri. Angalia ni mkono upi unaoshika mapigo. Katika muziki wetu, hasa sebene, mkono unaochapa nyuzi ndio unaobeba mwendo. Ukichelewa nusu pigo, wacheza dansi wanajua. Kama mkono huo ni wa kushoto kila mara, na ukijaribu wa kulia unahisi umefungwa kamba, basi usijilazimishe. Kama huoni tofauti kubwa, nunua gitaa la kulia. Utaokoa fedha, na utaweza kushika gitaa lolote la kwaya au la bendi.

Aliyethibitisha kwamba mkono wake ni wa kushoto ana njia tatu. Ya kwanza ni gitaa lililotengenezwa kiwandani kwa ajili yake. Ya pili ni kulipindua la kulia na kubadilisha mpangilio wa nyuzi ili uzi mzito ubaki juu. Ndivyo alivyofanya Jimi Hendrix. Ya tatu ni kulipindua na kuziacha nyuzi zilivyo, uzi mwembamba juu na mzito chini. Albert King alipiga blues hivyo, na Elizabeth Cotten, mama wa North Carolina aliyejinunulia gitaa lake la kwanza kwa mshahara wa kazi za ndani, alipiga besi kwa vidole na sauti ya juu kwa dole gumba. Njia hii ya tatu haigharimu hata senti, na mtu asiye na gitaa lake anaweza kuitumia popote. Ubaya wake ni kwamba mwalimu atakuonyesha kodi (chord) moja na wewe itabidi uitafute upya kwa vidole vyako. Mimi naipendekeza kwa yule tu ambaye kwa miaka kadhaa ijayo atategemea gitaa la kuazima.

Njia ya pili ndiyo itakayowafaa wengi mjini hapa, kwa hiyo tuitazame kwa karibu.

Chagua umbo kwanza. Gitaa lenye pembe mbili zinazolingana, mfano wa SG ya Gibson na nakala zake, hupinduliwa bila shida kubwa. Umbo la Stratocaster nalo linakubali, ila pembe ndefu itakuwa chini na utabanwa kidogo ukipanda kwenye freti za juu. Umbo lenye pembe moja tu, kama Les Paul au Telecaster, liache. Ukilipindua, mwili wa gitaa unakuzuia pale hasa solo inapopanda. Epuka pia daraja la chemchemi lenye vibano vya kufungia nyuzi kwa spana. Hilo humsumbua hata fundi mzoefu. Tafuta daraja lililosimama imara, lenye vipande sita vinavyosogezwa kwa bisibisi kila kimoja peke yake. Hapo ndipo gitaa la umeme linapoishinda galatone, yaani gitaa lisilo la umeme: galatone ina kijiti cha daraja kilichogandishwa kwa mshazari, na nyuzi zikibadilishana nafasi sauti haikai sawa kamwe mpaka daraja lichongwe upya.

Kisha kuna kile kijiti cheupe chenye mifereji sita, kule shingo inapokutana na kichwa. Watu wengi hukisahau, halafu wanalaumu gitaa. Katika seti ya kawaida ya nyuzi za namba 10, uzi mwembamba una unene wa robo milimita, na mzito unakaribia milimita 1.2. Ukibadilisha nyuzi bila kubadilisha kijiti, uzi mwembamba unacheza ndani ya mfereji mpana na kutoa mlio wa bati, na ule mzito unakaa juu ya mfereji mwembamba bila kuzama. Fundi atalazimika kukitoa na kuweka kingine. Vipo vya plastiki vya kuagiza, lakini mfupa wa ng'ombe ndio bora, na mfupa haujawahi kuadimika Dar es Salaam. Unachukuliwa mfupa wa mguu, unachemshwa mpaka mafuta yote yatoke, unakaushwa vizuri, kisha unakatwa kipande chenye urefu wa upana wa shingo. Unasuguliwa kwa tupa na msasa mpaka uingie kwenye nafasi yake bila kutikisika, ndipo mifereji inachongwa mmoja mmoja. Kila mfereji uwe mpana kuliko uzi wake kwa unywele tu, na uteremke kidogo kuelekea kichwani. Fundi asiye na tupa nyembamba anaweza kuvingirishia msasa laini kwenye kipande cha uzi wa zamani na kuchonga nacho polepole. Akienda haraka akachimba sana, uzi utagusa freti ya kwanza na kazi itaanza upya, kwa hiyo usimkimbize.

Kitufe cha mkanda nacho huhamia pembe ya pili. Seremala yeyote wa Keko anaiweza kazi hiyo kwa dakika chache, mradi tundu liwe jembamba kuliko skrubu ili mbao isipasuke. Vitufe vya sauti vitakuwa juu, karibu na mkono unaochapa. Mwanzoni utavigonga, baadaye mkono unajifunza njia yake.

Tukirudi kwenye njia ya kwanza: kama unaweza kuagiza na kusubiri, gitaa lililozaliwa la kushoto ni bora kuliko lililogeuzwa. Squier ya Fender, Pacifica ya Yamaha, Ibanez, na Harley Benton ya duka la Thomann la Ujerumani, zote zina matoleo ya bei ya chini kwa watu wa shoto. Tazama mwisho wa jina la modeli: herufi L au LH ndiyo alama yake. Ukiagiza China kupitia mfanyabiashara wa Kariakoo, mwombe picha ya gitaa lenyewe likiwa limesimama, kichwa juu na uso ukikutazama. La kushoto litaonyesha uzi mzito upande wako wa kulia, na vitufe chini upande wa kushoto. Kisha soma maandishi ya kichwani. Yakisomeka kinyume, picha imepinduliwa kwenye simu na gitaa ni la kulia.

Hesabu ya gharama isiishie kwenye bei ya kiwandani. Forodha hukokotoa kodi kwa kuchukua thamani ya bidhaa pamoja na usafiri na bima. Gitaa la shilingi 300,000 lililosafirishwa na kukatiwa bima kwa 100,000 linahesabiwa kuwa la 400,000. VAT ya asilimia 18 peke yake haipungui 72,000, na bado ushuru wa forodha na tozo nyingine hazijaguswa. Wasafirishaji wengi wa mizigo hutoa bei moja inayojumuisha kila kitu. Waulize wazi kabla ya kulipa: "Hii bei ni mpaka mkononi mwangu?" Mzigo wa meli ni nafuu kuliko wa ndege, ila unahitaji subira, na gitaa lifungwe kwenye boksi gumu, nyuzi zikiwa zimelegezwa.

Usidharau la mtumba. Gitaa la kushoto lina wanunuzi wachache, kwa hiyo anayeliuza mara nyingi anashusha bei mapema. Uliza kwenye magrupu ya WhatsApp ya wapigaji, waulize walimu wa muziki wa TaSUBa Bagamoyo au wa chuo cha muziki cha Dhow Countries kilichopo Mji Mkongwe, na fuatilia matangazo ya wageni wa Masaki na Oysterbay wanaouza vitu wakijiandaa kurudi kwao. Usitume fedha kabla hujaliona gitaa. Dukani, dai risiti ya EFD. Na ukikuta jina la Gibson kwenye gitaa lenye bei ya redio ya mkononi, hilo ni bandia. Malalamiko ya bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC.

Ukilishika mkononi, lipe nusu saa. Mwombe muuzaji kwa heshima, "Naomba nilijaribu kwanza," na asiyekubali mwache na gitaa lake. Bana uzi mzito kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha tazama katikati, kwenye freti ya 7 au ya 8: pengo liwe dogo, linalopitisha kadi ya biashara. Likiwa kubwa zaidi, shingo imepinda. Uliza kama chuma cha ndani ya shingo kinakazika. Pitisha kiganja ubavuni mwa shingo. Ncha za freti zisikukwaruze. Piga kila uzi kwenye kila freti, taratibu, ukisikiliza mlio wa kukoroma. Kisha washa programu ya kutunia kwenye simu, tuni uzi wazi, halafu bana freti ya 12. Noti iwe ileile, oktava moja juu. Ikipanda kuliko inavyotakiwa, kipande cha daraja kirudishwe nyuma. Ikishuka, kisogezwe mbele. Mwisho chomeka waya, zungusha vitufe vyote, tikisa jeki kidogo. Mikwaruzo ya vitufe husafishika kwa dawa ya kunyunyizia, lakini pikapu, kile kinachonasa sauti ya nyuzi, ikifa inakula fedha.

Kuhusu amplifaya, sitakaa sana. Tenga fedha yake tangu mwanzo, pamoja na ya fundi na seti mbili za nyuzi, hata kama italazimu kuchukua gitaa la bei ya chini kidogo. Umeme wetu ni wa volti 230. Amplifaya iliyotoka Marekani ni ya volti 120, ya Japani ni ya 100, nazo ukizichomeka moja kwa moja zinaweza kuungua hapohapo. Sabufa ya nyumbani haiwezi kulipokea gitaa peke yake kwa sababu sauti inayotoka kwenye pikapu ni dhaifu. Weka katikati kiboksi kidogo cha efekti, na usifungulie sana, kwa kuwa spika zake hazikujengwa kwa kazi hiyo. Kwa nyumba za kupanga zenye kuta nyembamba, au pale umeme unapokatika, kuna viamplifaya vya betri vinavyochomekwa kwenye gitaa na kusikilizwa kwa hedifoni. Kwa anayeanza vinatosha kabisa.

Unapojifunza, kaa uso kwa uso na mwalimu anayepiga kwa kulia. Mikono yake itakuwa mbele yako kama kioo, na utamfuata kwa urahisi kuliko mwenzako wa kulia aliyekaa pembeni yako. Na kwa kuwa tunaishi kwenye hewa ya chumvi, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, liweke gitaa ndani ya begi mbali na ukuta unaovuja unyevu wakati wa masika, na ubadilishe nyuzi mara zinapoanza kukwaruza vidole. Mpe fundi aliangalie tena baada ya msimu wa mvua, kwa sababu shingo ya mbao husogea, na yale uliyoyakagua dukani yanaweza kuhitaji kukazwa upya.