Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 12: Mchanga wa sadaka yako umetoka wapi?



Wazee wangu, mama zangu, ndugu na vijana wetu wa Jorodom, pamoja na wote mnaotufuatilia kwenye chaneli hii, Alhamdulillah, Allah ametufikisha siku ya 12. Darsa la leo linahusu kitu tunachokikanyaga kila siku: mchanga. Mwezi huu watu wengi wanatoa sadaka, na sadaka moja tunayoipenda ni tripu ya mchanga kwa ajili ya msikiti au madrasa. Ni sadaka nzuri, Allah awalipe. Lakini kabla hujampigia simu mwenye lori, jiulize: mchanga huo unatoka wapi?

*1. Mchanga ni nini?*

Mchanga ni jiwe lililovunjika. Wataalamu wanautambua kwa ukubwa wa chembe, si kwa rangi. Chembe inayozidi milimita 2 ni changarawe. Kuanzia milimita 2 kushuka hadi kama milimita 0.06 ni mchanga. Chini ya hapo ni tope laini, na laini kuliko zote ni mfinyanzi. Huna kipimo? Lowesha kidogo, sugua kwa vidole. Ukikwaruza, ni mchanga. Ukiteleza na kunata, ni mfinyanzi.

Sasa jiwe gumu linavunjikaje? Jua la mchana linalipasha moto, baridi ya usiku inalipoza, nyufa zinaanza. Maji yanaingia humo, mizizi nayo inaingia. Chukua jiwe la granaiti, lile lenye madoadoa lililoenea sehemu nyingi za katikati ya nchi yetu. Ndani yake mna madini yaitwayo feldispa; hayo yanaoza polepole na kuwa mfinyanzi. Mna pia kwatzi. Hiyo haiozi kirahisi, inabaki chembe ngumu inayong'aa. Mvua inabeba vyote, kisha mto unachambua. Penye kasi unaacha mawe, nguvu ikipungua unaacha mchanga, na tope linasafiri mpaka maji yatulie. Kazi hiyo ni ya maelfu ya miaka, jamani, si ya msimu mmoja.

Si kila mchanga una asili moja. Mlima wetu Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ni volkano iliyozimika, kwa hiyo makorongo yake yanashusha chembe za mawe ya volkano. Kule Ngorongoro, karibu na Olduvai, kuna rundo la mchanga mweusi linalohama kwa kusukumwa na upepo. Hayo ni majivu ya Oldoinyo Lengai. Na ule mchanga mweupe wa fukwe za Zanzibar, sehemu yake kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagwa na bahari. Ukiudondoshea siki unatoa povu. Mchanga wa kwatzi hautoi.

*2. Faida ya fiqhi*

Elimu hii inagusa ibada yetu. Katika Suratun-Nisaa aya ya 43 na Suratul-Maidah aya ya 6, Allah ameturuhusu kutayamamu kwa ardhi iliyo safi pale tunapokosa maji au tunaposhindwa kuyatumia. Maimamu Abu Hanifa na Malik wanakubali mchanga na hata jiwe. Imamu Shafii anataka udongo wenye vumbi. Kwa hiyo sisi tunaofuata madhehebu yake, mchanga wa mto uliooshwa mpaka hauna vumbi hautoshi. Tafuta udongo mkavu ulio safi, au mchanga ambao bado una vumbi lake.

*3. Ghala la maji*

Leo ukirudi nyumbani fanya jaribio hili. Jaza ndoo ya lita 20 mchanga mkavu mpaka juu, halafu mimina maji taratibu. Utaona inapokea kama lita 6 hivi kabla haijafurika. Maji yamekaa wapi? Kati ya chembe na chembe. Hivyo ndivyo mto wa mchanga unavyofanya kiangazi: juu umekauka, lakini mama anachimba kidogo kwa mkono na anapata maji, tena yamechujwa. Wenzetu wa Kitui na Machakos, Kenya, wamelielewa hili: wanajenga kuta kukatiza mito ya msimu ili mchanga ujae nyuma ya ukuta na uwahifadhie maji.

Sasa ukiukomba mchanga wote mpaka mwamba, umechukua pia ghala la maji ya majirani zako. Mvua inanyesha, maji yanapita, mwezi wa nane kisima kimekauka. Na ukichimba kwenye kingo, mto unapanuka, unakula shamba la mtu ambaye hukumwomba ruhusa wala hukumlipa.

*4. Tuliyoyaona wenyewe*

Hapa hatuhitaji kuambiwa nguvu ya mlima. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Hanang vikapita Katesh, Gendabi na hapa kwetu Jorodom. Zaidi ya watu 80 walifariki. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ikameguka. Kwa hiyo asije mtu akawaambia wafiwa kwamba wapendwa wao waliadhibiwa. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba aliyekufa kwa kuzama na aliyekufa kwa kuangukiwa na jengo wamo katika mashahidi. Tunawaombea hivyo, na tunawaombea waliobaki subira.

Wala sisemi kwamba wachimba mchanga ndio waliosababisha. Ninachosema ni kwamba sisi tunaishi miguuni pa mlima ambao bado unavunjika, na korongo ni njia yake. Anayekata kingo za korongo na kung'oa miti iliyoshika udongo anamwongezea jirani hatari. Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kudhuriana. Na akaonya vikali kuhusu anayechukua hata shibiri moja ya ardhi kwa dhulma. Mangapi mashibiri yanakwenda na tripu moja?

*5. Turudi kwenye sadaka*

Fungua Suratul-Baqarah aya ya 264. Allah anapiga mfano wa anayetoa mali yake kwa kujionyesha na asiyemwamini Yeye: kama mwamba laini wenye udongo juu yake, ikaja mvua kubwa ikauacha mtupu. Watu wa Hanang tunaujua mfano huo kwa macho. Aya ya 265 inataja wale wanaotoa kwa kutafuta radhi za Allah: hao ni kama bustani kwenye mwinuko, ikipata mvua kubwa inazaa maradufu. Mvua ni ileile. Tofauti ni kilichoko chini.

Basi, ndugu yangu, unapotoa tripu ya mchanga mwezi huu:

✅ Muulize mwenye lori umechimbwa wapi na kwa kibali gani. Kwa sheria ya nchi yetu mchanga ni madini, na uchimbaji wake unahitaji leseni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto.

✅ Ukisikia umetoka kwenye kingo au penye visima vya watu, acha. Tafuta kwingine, hata bei ikizidi. Allah ni mwema, hapokei ila kilicho chema.

✅ Vijana wanaopakia wengi wao wamefunga. Walipe siku hiyohiyo, jasho lisikauke.

✅ Kijana unayeishi kwa kazi hii, kazi yako ni halali na tunaiheshimu. Ichimbe kwa kiasi, acha mchanga wa kutosha juu ya mwamba, usiguse kingo.

✅ Masika yako njiani. Kama shamba lako linapakana na korongo, panda miti kwenye ukingo. Hiyo pia ni sadaka: anayekula matunda yake, mtu au ndege, unaandikiwa.

Kazi ya leo: kabla ya futari, waeleze watoto jaribio la ndoo, na mwulize babu au bibi mto wenu ulikuwaje zamani, maji yalipatikana kwa kuchimba kina gani. Mlete jibu baada ya tarawehe, tuzungumze.

Ewe Mola wetu, warehemu waliotutangulia kwa maafa ya mlima huu. Tupe mvua yenye kheri isiyo na madhara. Zikubali funga zetu, na sadaka zetu uzijaalie ziwe na mizizi. Aamiin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzako.